Historia Iliyomo Sahanini: Mazao ya Chakula ya Kanda ya Ziwa Chini ya Ukoloni na Funzo Lake kwa Ushauri wa Lishe

Utangulizi

Katika vituo vingi vya afya kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Mwanza mjini hadi Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, ushauri wa lishe huishia mara nyingi kwenye agizo moja: rudini kwenye vyakula vya asili. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema, na lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, limebeba swali ambalo ni nadra kuulizwa: asili ipi, na ya tangu lini? Mama aliyelelewa kwa ugali wa udaga, na ambaye bibi yake pia alilelewa nao, atasikia neno "asili" na kufikiria muhogo. Mhudumu aliyelitamka huenda alikusudia ulezi, kunde na mgagani. Wawili hao huagana kila mmoja akiamini kwamba wameelewana.

Somo hili linachukua matokeo ya kazi za wanahistoria waliochunguza mazao ya chakula ya ukanda huu wakati wa utawala wa Wajerumani na Waingereza, na kuyaweka mbele ya mhudumu wa afya na mgonjwa. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kutofautisha mazao yenye asili ya Afrika na yale yaliyoletwa, kueleza kwa nini muhogo ulitawala mashamba mengi, na kutumia maarifa hayo anapotoa au kupokea ushauri wa lishe.

Kilichokuwamo shambani

Mazao yanayolimwa leo kando ya ziwa yana chimbuko tofauti. Mtama, uwele, ulezi, kunde na njugu mawe ni mimea ya Afrika, iliyofugwa na wakulima wa bara hili tangu zama za kale. Kundi hilo linajumuisha pia mboga kama mgagani na mimea kadhaa inayopikwa kama mlenda. Ndizi na mpunga asili yake ni Asia. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, maharage na nyanya vilitoka Amerika, na vilianza kuingia Afrika baada ya safari za Wareno kuvuka bahari ya Atlantiki. Jina "mahindi" lenyewe humpoteza msomaji, kwa maana linaashiria India, ilhali zao hilo lilitoka upande mwingine wa dunia.

Zao la kuletwa si lazima liwe geni katika utamaduni. Viazi vitamu vimezoeleka Usukumani kiasi cha kuzaa ustadi wake wenyewe wa kuhifadhi: michembe, yaani vipande vibichi vilivyokaushwa juani, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Vyote viwili huvusha familia msimu wa kiangazi. Wakulima wa kanda hii walikuwa wakipokea, kujaribu na kuchagua mazao mapya kabla ya ofisa yeyote wa kilimo kuwasili.

Mfano bora wa maarifa hayo ni kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe. Huko, kwenye ardhi finyu yenye watu wengi, wakulima walijenga mfumo wa kupanda uwele, njugu mawe na marejea kwa zamu. Marejea ilifukiwa udongoni kama mbolea ya majani, na ng'ombe walilishwa nyumbani ili samadi ikusanywe. Wataalamu wa kilimo wa enzi ya Waingereza waliofika kisiwani waliustaajabia mfumo huo. Kwa jicho la lishe, nafaka na jamii ya kunde zilikutana chunguni kama zilivyokutana shambani, na protini za upande mmoja zikakamilisha upungufu wa upande wa pili.

Mwanahistoria anajuaje?

Mbegu haziachi barua. Anayetaka kujua watu walikula nini mwaka 1880 hulazimika kuunganisha ushahidi wa aina nyingi, na kila aina ina kasoro yake.

Wapo wasafiri, kama John Hanning Speke aliyefika kusini mwa ziwa mwaka 1858 na Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1875. Hao waliandika zaidi kuhusu vyakula ambavyo misafara yao iliweza kununua, na hawakukaa jikoni kuona kilichopikwa siku za kawaida. Zipo shajara za wamisionari, zikiwemo za Mapadri Weupe waliofika Bukumbi katika miaka ya 1880. Yapo pia majalada ya serikali ya kikoloni yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Majalada hayo yana hesabu nyingi za pamba, kwa kuwa pamba ililipiwa kodi na kusafirishwa nje. Ni mara chache yanahesabu kunde, mlenda au njugu, mazao ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mikononi mwa wanawake na hayakupita sokoni. Msomaji asiye makini angeweza kudhani kwamba mboga hizo hazikuwepo, kumbe hazikuhesabiwa tu.

Ndipo umuhimu wa ushahidi mwingine unapojitokeza. Wanaisimu wa historia, kama David Schoenbrun aliyechunguza eneo la Maziwa Makuu, hufuatilia maneno ya mazao na zana katika lugha zinazohusiana ili kukadiria mimea ilienea lini na kupitia kwa nani. Masimulizi ya wazee huhifadhi majina ya njaa, ya mbegu na ya namna za kupika. Naye Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeishi kati ya 1896 na 1981, aliacha hazina ya pekee. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Kisa chake ni cha mume na mke wanaohangaikia kupata mtoto, lakini ndani yake mna kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, dawa na karamu za Ukerewe kabla ya wakoloni. Kitereza alisema wazi kwa kazi yake hiyo kile ambacho majalada ya bomani yalikinyamazia: maisha ya kawaida ya watu waliojua kujilisha.

Kodi, pamba na amri ya muhogo

Utawala wa Wajerumani uliikuta kanda ya ziwa ikiwa katika msukosuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, na pamoja nao maziwa, samadi na akiba ya kubadilishana chakula nyakati za ukame. Kuanzia mwaka 1898 kodi ya nyumba ilidaiwa nchini, na familia zililazimika kutafuta fedha kwa kuuza mazao au nguvu kazi. Pamba ilianza kusisitizwa Mwanza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza mkondo huohuo. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilichoanzishwa miaka ya 1930 kilijijengea jina kwanza kwa mbegu za pamba.

Pamba ilihitaji mikono katika miezi ileile ya mvua ambayo mtama, uwele na ulezi vilihitaji kupaliliwa. Serikali ilijua kwamba mkulima wa pamba asiye na chakula angekuwa mzigo, na jibu lake likawa muhogo. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri kwa raia wao, na miongoni mwa amri zilizotolewa ni kupanda mazao ya kinga ya njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei za mazao zilipoanguka duniani na nzige kuvamia, kampeni ya kupanda mazao zaidi iliongeza shinikizo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliokuwa na kanuni nyingi kuhusu matuta, samadi, idadi ya mifugo, pamba na shamba la muhogo. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini. Kanuni hizo zilichukiwa, na chuki hiyo ilichangia kuamsha siasa za Usukumani katika miaka ya 1950. Kufikia mwisho wa muongo huo nyingi zilikuwa zimeachwa, lakini muhogo ulibaki.

Ni haki kuutendea muhogo kwa usawa. Unastahimili ukame, hauliwi na nzige chini ya ardhi, unaweza kungoja shambani hata zaidi ya mwaka, na haudai kazi ya siku maalumu. Uliokoa maisha. Sayansi ya kikoloni nayo iliuhudumia: ugonjwa wa batobato ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutokana na mimea ya Usambara, na kituo cha Amani baadaye kilizalisha aina zinazoustahimili. Ila kwa upande wa virutubishi, badiliko halikuwa dogo. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini ya takriban gramu 2 au pungufu, ilhali mtama na uwele huwa na takriban gramu 10. Ulezi una kalsiamu ya miligramu 300 hivi au zaidi katika gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Familia iliyobadilisha nafaka kwa muhogo bila kuongeza kunde, njugu, dagaa au maziwa ilijaza tumbo na kupunguza lishe.

Hesabu ya mkulima

Kwa nini mtama na uwele havikurudi amri zilipokoma? Jibu limo katika kazi. Nafaka hizo hushambuliwa na ndege, hasa kwelea kwelea, na waliokuwa wakiwafukuza ni watoto. Watoto walipoanza kwenda shule, mikono hiyo iliondoka shambani. Mashamba yaliyolimwa mfululizo yalivamiwa na kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mtama. Mahindi, ambayo suke lake limefunikwa kwa maganda, yalionekana kuwa nafuu, na mashine za kusaga pamoja na masoko ya mjini yaliyapendelea.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya kila jambo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alisisitiza kwamba jamii za Tanganyika zilimudu mazingira yao vyema hadi uvamizi wa kikoloni na maradhi ya mwishoni mwa karne ya 19 yalipovunja uwezo huo. Juhani Koponen, mwaka 1988, alionyesha picha yenye vivuli zaidi: kabla ya ukoloni pia palikuwa na njaa, vita na maradhi. Deborah Bryceson, aliyefuatilia uhaba wa chakula kuanzia 1919 hadi 1985, alielekeza macho kwenye mgawanyo wa kazi na soko. Pamoja na tofauti hizo, kazi zao kwa jumla zinampa mhudumu wa afya jambo moja la kushika: mabadiliko ya chakula yalitokana na kodi, kazi, amri, maradhi na hali ya hewa. Ujinga wa mkulima hautoshi kuyaeleza.

Jambo hilo lilikuwa kinyume na dhana iliyoenea maofisini. Mwaka 1936 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliagiza uchunguzi wa lishe katika makoloni, na taarifa yake ikatoka mwaka 1939. Tangu siku hizo elimu ya lishe mara nyingi ilimwona mama wa Kiafrika kama mtu wa kufundishwa apike nini, huku swali la nani alimwondolea muda, ardhi na mbegu likiachwa kando. Mabaki ya mtazamo huo yangali yanasikika pale mama mwenye mtoto aliyedumaa anapokaripiwa mbele ya wenzake kwenye mizani.

Historia inapofika wodini: konzo

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza uliowakumba watu wa Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Wayaka wa eneo hilo waliuita konzo, wakimaanisha miguu iliyofungwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa huohuo ulizuka Tarime, upande wa mashariki wa ziwa. Daktari William Howlett na wenzake, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1990, waliwakuta makumi ya watu, wengi wao watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, waliopooza miguu kwa ghafla.

Konzo huwapata wanaoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo huku wakikosa protini ya kutosha. Muhogo mchungu una kemikali zinazozalisha sianidi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa itokanayo na protini; salfa ikipungua, sumu hubaki. Katika ukame mambo mawili hukutana: njaa inalazimisha kufupisha siku za kuvundika, na kunde au samaki wa kitoweo hawapatikani. Waliougua walikuwa wenyeji wa muhogo na walijua namna ya kuuandaa. Walichokosa ni muda, maji na kitoweo.

Kwa mhudumu, dalili za kutofautisha ni hizi. Miguu ya mgonjwa wa konzo hukakamaa, ilhali ya mwenye polio hulegea. Udhaifu hutokea ghafla, katika saa au siku chache, kwa miguu yote miwili, na kwa kawaida haundelei kuwa mbaya zaidi baada ya hapo, lakini haupoi. Kupooza kunakoongezeka polepole pamoja na maumivu ya mgongo kunatakiwa kuchunguzwa kama kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kila mtoto aliyepooza ghafla aripotiwe kwa utaratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, hata kama konzo inashukiwa.

Matumizi kwa wahudumu wa afya

Kwanza, chukua historia ya chakula kama unavyochukua historia ya ugonjwa. Badala ya kuuliza "unakula vyakula vya asili?", uliza jana familia ilikula nini, unga ulitoka wapi, muhogo ulikaa majini siku ngapi, kitoweo kilikuwa kipi, na ni nani anayepika na kulima.

Pili, pima ushauri wako kwa kazi. Kumwambia mjane mwenye watoto watatu wanaosoma alime uwele ni kumwagiza kazi ya kufukuza ndege asiyoweza kuifanya. Kumshauri apande kunde katikati ya muhogo, ale majani yake na kuyakausha kwa kiangazi, kunaweza kutekelezeka.

Tatu, usiyafanye mazao ya asili kuwa dawa. Uji mlaini wa ulezi hupandisha sukari ya damu, na ugali wa mtama ni wanga kama ugali mwingine. Mgonjwa wa kisukari anahitaji kupima kiasi. Madini ya chuma yaliyomo katika nafaka hizi hayafyonzwi kwa urahisi, hivyo mjamzito mwenye upungufu wa damu asiache vidonge alivyopewa.

Nne, tafuta ustadi uliopo na uutumie. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walihimiza matumizi ya kimea, unga wa nafaka iliyochipuzwa unaojulikana na kila mpika pombe. Kimea kidogo hulainisha uji mzito, na mtoto hupata nguvu nyingi zaidi katika kikombe kilekile. Kimea cha ulezi ndicho kinachofaa, kwa kuwa chipukizi za mtama zina sianidi. Uji huo uchemshwe tena baada ya kutiwa kimea.

Matumizi kwa wagonjwa na familia

Muhogo mchungu umenywe, uloweshwe kwa siku 3 hivi hadi ulainike, kisha ukaushwe vizuri juani. Njia hiyo isifupishwe, hasa wakati wa njaa. Pale ambapo unga umeshasagwa na unatiliwa shaka, uchanganywe na maji, utandazwe kwa tabaka jembamba kwa saa 5 kivulini au saa 2 juani, ndipo upikwe siku hiyohiyo. Muhogo usiachwe upweke sahanini: dagaa, kunde, njugu mawe, maharage, maziwa au mayai, hata kwa kiasi kidogo, hubadilisha mlo.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, vina vitamini A kwa wingi na hulimwa kwa mazoea yaleyale ambayo familia inayo. Mgagani na majani ya kunde visionewe aibu kama chakula cha maskini.

Hitimisho

Sahani ya mgonjwa wa kanda ya ziwa imepangwa na mikono mingi: wakulima wa kale waliofuga mtama, wafanyabiashara walioleta mbegu kutoka mbali, watoza kodi, watemi waliotekeleza amri, na mama aliyepiga hesabu ya saa zake. Mhudumu anayelijua hilo atauliza kabla ya kuagiza. Mgonjwa anayelijua hataona haya kusema anachokula kweli, na ukweli huo ndio unaomwezesha mhudumu kumsaidia.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji unachohudumia au unachoishi, ni mazao gani wazee wanayakumbuka ambayo hayalimwi tena? Ni sababu zipi wanazozitaja?
2. Ni hatua ipi ya kuandaa muhogo hufupishwa wakati wa ukame, na kituo chako kinaweza kuonya jamii kwa njia gani kabla ya msimu huo?
3. Chukua ushauri mmoja wa lishe unaotolewa mara kwa mara kliniki. Unamdai nani kazi ya ziada, na unaweza kurekebishwa vipi ili utekelezeke?